Kelele Kutoka Kilomita 30 Chini ya Ardhi

Leo tunaweka kando mambo ya simu na tovuti, tunashuka chini ya ardhi. Chini kabisa, kilomita 30 na zaidi. Huko kuna kitu kinachotetema kwa siku nyingi mfululizo na watu wanaoishi juu yake hawahisi lolote. Wanalala, wanaamka, wanaenda kazini. Ni sismomita tu zinazokisikia, na hata hizo zilikisikia kwa miaka mingi bila mtu kutambua kwamba ni kitu. Kilihesabiwa kuwa kelele.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kutenganisha habari na kelele. Ndiyo maana jambo hili lilinishika nikashindwa kuliacha. Kwa wikendi kadhaa sasa nimekuwa nikiandika programu ya kuutafuta mtetemo huo katika data za Marekani na Kanada. Sikusomea jiolojia, nilisomea sayansi ya tarakilishi. Kwa hivyo nitaeleza jinsi nilivyoelewa mwenyewe, pole pole, bila hesabu za kutisha.

Bamba linalozama

Gamba la nje la dunia limegawanyika vipande vikubwa vinavyoitwa mabamba. Huku kwetu, kwenye Bonde la Ufa, mabamba yanaachana. Kwingineko yanakutana, na yakikutana mara nyingi moja huzama chini ya jingine. Magharibi mwa Marekani na Kanada, kuanzia kaskazini mwa California hadi Kisiwa cha Vancouver, bamba dogo liitwalo Juan de Fuca linazama chini ya bamba la Amerika Kaskazini, karibu sentimita 4 kwa mwaka. Ukanda huo unaitwa Cascadia, na una urefu wa kilomita 1,000 hivi.

Sasa, mabamba haya mawili hayatelezi sawa kila mahali. Sehemu ya juu, ile iliyo chini ya bahari, imekwama. Bamba linaendelea kusukuma lakini pale hapasogei, kwa hivyo mwamba unajikunja kama rula ya plastiki unayoikunja kwa vidole. Siku ikiachia, inaachia yote kwa pamoja. Mara ya mwisho ilikuwa usiku wa tarehe 26 Januari 1700, tetemeko lenye ukubwa wa karibu 9. Utauliza, tarehe hiyo ilijulikanaje? Kwenye pwani ya jimbo la Washington kuna misitu iliyokufa ikiwa imesimama, kwa sababu ardhi ilishuka ghafla na maji ya chumvi yakaingia mizizini. Nako Japani kuna maandishi ya zamani yanayotaja tsunami iliyofika bila mtu kuhisi ardhi ikitikisika. Wanasayansi waliunganisha habari hizo mbili wakapata siku na hata saa.

Sehemu ya chini kabisa ni moto na laini, kwa hivyo bamba linateleza taratibu bila fujo. Kati ya iliyokwama na inayoteleza kuna ukanda wa katikati, kwa kina cha kilomita 30 hadi 45 hivi. Mtetemo wetu unatoka hapo.

Aliyeisikiliza kelele

Tarehe 17 Januari 1995 tetemeko liliupiga mji wa Kobe, Japani, na watu zaidi ya 6,000 wakafa. Baada ya msiba huo Wajapani walijenga mtandao wa sismomita uitwao Hi-net. Hawakuziweka juu ya ardhi. Walichimba mashimo ya mita 100 na zaidi wakazishusha huko, mbali na kelele za magari, upepo na viwanda. Umbali kati ya kituo na kituo ni kama kilomita 20.

Mwanasayansi Kazushige Obara alipokuwa akizichunguza data hizo aliona kitu cha ajabu. Vituo vingi vilivyo jirani vilikuwa vikionyesha mtikisiko dhaifu unaopanda na kushuka kwa pamoja, kwa dakika, kwa saa, wakati mwingine kwa siku. Kama ingekuwa lori limepita, kituo kimoja tu ndicho kingeona. Upepo nao hauwezi kupiga vituo vingi kwa mpangilio wa namna hiyo. Volkeno hazikuwa karibu. Mwaka 2002 alichapisha matokeo yake: kulikuwa na mkanda wa mitetemo hiyo wenye urefu wa kama kilomita 600 kusini-magharibi mwa Japani, na ulifuata sawasawa mstari wa bamba linalozama.

Wakati huohuo, upande wa pili wa Pasifiki, Herb Dragert na wenzake Kanada walikuwa wakiangalia vipimo vya GPS. Kwa kawaida vituo vya GPS vya Kisiwa cha Vancouver husukumwa polepole kuelekea bara, kwa sababu bamba limekwama na linasukuma. Lakini mwaka 1999 vituo 7 viligeuka na kurudi nyuma milimita chache, kisha vikaendelea na safari yao ya kawaida. Yaani bamba liliteleza kule chini bila tetemeko lolote! Mwaka 2003 Dragert pamoja na Garry Rogers waliweka vitu viwili mezani: kila GPS iliporudi nyuma, mtetemo kama ule wa Obara ulikuwepo. Na mambo hayo yalijirudia kila baada ya miezi 13 hadi 16. Ardhi ilikuwa na ratiba, kama mpangaji anayelipa kodi kwa kuchelewa kidogo lakini halali deni.

Swali la dada yangu

Dada yangu mkubwa ni muuguzi katika jimbo la Washington, ameishi huko miaka mingi. Mwaka jana alipata nafasi ya kazi kwenye mji mdogo ulio ufukweni kabisa mwa Pasifiki. Mshahara mzuri, nyumba za bei nafuu, na watoto wake wawili wanapenda bahari. Akaniandikia hivi:

"Mdogo wangu, nimeona ramani ya mitetemo kwenye intaneti, imejaa nukta. Wewe ni mtu wa tarakilishi. Hizo nukta zinaniambia nihame au nisihame?"

Nilimwambia, "Dada, nipe muda nizielewe kwanza zinapatikanaje." Sikutaka kumpa jibu la kukisia kuhusu mahali watoto wake watalala. Na mtaka cha mvunguni sharti ainame, kwa hivyo nikaketi nikaanza kuandika programu.

Jinsi ya kuutafuta

Tetemeko la kawaida ni rahisi kulipata. Ni kama honi ya matatu: unajua hasa ilianza lini. Programu inalinganisha nguvu ya sekunde chache zilizopita na wastani wa muda mrefu, na nguvu ikiruka ghafla inaweka alama. Ukiwa na alama kutoka vituo vinne au vitano, unapiga hesabu ya mahali.

Mtetemo hauna honi. Ni kama mvumo wa soko la Gikomba ukiusikia kutoka mbali. Hakuna sekunde unayoweza kusema "hapa ndipo ulipoanza". Lakini mvumo nao hupanda na kushuka. Ukiwa na marafiki kumi juu ya mapaa kumi kuzunguka soko, kila mmoja anaandika saa ambazo mvumo ulipanda, mnaweza kulinganisha madaftari yenu. Wote wakiwa na mpando uleule, lakini mmoja ameupata mapema kidogo na mwingine kuchelewa kidogo, mnaweza kujua unatoka wapi. Aaron Wech na Kenneth Creager wa Chuo Kikuu cha Washington walichapisha mwaka 2008 njia ya kufanya hivyo kwa tarakilishi, bila mtu kukodolea macho kila mstari. Programu yangu inafuata wazo hilo.

Hatua ya kwanza ni kupunguza mzigo. Sismomita moja huandika mara 100 kwa sekunde. Siku ina sekunde 86,400, na kifaa kinapima pande tatu: juu-chini, kaskazini-kusini, mashariki-magharibi. Zidisha upate karibu namba milioni 26 kwa kituo kimoja kwa siku moja. Mimi nilichukua vituo 12.

Hatua ya pili ni chujio. Mtetemo huu una nguvu zaidi kwenye mitikisiko ya mara 1 hadi 10 kwa sekunde. Mawimbi ya bahari yanayopiga pwani ni ya polepole kuliko hapo, na fujo nyingi za karibu ni za haraka zaidi. Nilibakisha ya kati ya mara 1.5 na mara 5 kwa sekunde, mengine nikayakata.

Hatua ya tatu ndiyo niliyoipenda. Unaacha kabisa kufuata kila kupanda na kushuka kwa wimbi, unafuata nguvu yake tu, kana kwamba unatupa shuka juu ya milima ili uone umbo lake. Kisha unalilainisha umbo hilo na kubaki na namba moja kwa kila sekunde. Namba milioni kadhaa zinakuwa 86,400. Hata ile tarakilishi yangu kuukuu inaziweza.

Hatua ya nne ni kulinganisha. Ninachukua dirisha la dakika 5, ninalisogeza kwa dakika 2 na nusu, na hivyo nina madirisha 576 kwa siku. Vituo 12 vinatoa jozi 66. Kwa kila dirisha na kila jozi, programu inalisogeza umbo la kituo kimoja mbele na nyuma hadi lifanane kadiri iwezekanavyo na la mwenzake, halafu inaandika tofauti ya sekunde. Huo ni ulinganisho 38,016 kwa siku.

Hatua ya tano ni ramani. Mawimbi haya ni yale yanayotikisa upande kwa upande, na kwenye miamba husafiri kama kilomita 3.5 kwa sekunde. Kituo A kikipata umbo sekunde 10 kabla ya kituo B, basi chanzo kiko karibu na A kuliko B kwa kilomita 35 hivi. Jozi moja inakupa mstari mrefu uliopinda. Jozi 66 zinakupa mistari mingi, na pale inapokutana ndipo penye mtetemo. Programu haitumii ujanja wowote: inapita kila kisanduku cha ramani na kuuliza, "kama chanzo kingekuwa hapa, tofauti za sekunde zingekuwa hizi nilizozipata?" Kisanduku kinachojibu vizuri zaidi kinapewa nukta.

Na nukta moja peke yake haiaminiki. Lazima iwe na jirani: nukta nyingine siku hiyohiyo na karibu na hapo. Isipokuwa na jirani inatupwa. Kina pia hakipatikani vizuri kwa njia hii. Inakuambia mahali kwenye ramani, lakini kuhusu kilomita za kwenda chini inababaisha.

Nilichokiona

Niliijaribu kwa data za Agosti 2010, kwa sababu inajulikana kwamba mwezi huo bamba liliteleza. Nilichagua pia siku chache za kimya za kulinganishia. Siku za kimya zilitoa nukta chache zilizotawanyika kama mahindi yaliyomwagika. Siku za mtetemo, nukta zilijazana kwenye kundi moja. Kesho yake kundi limesogea. Keshokutwa limesogea tena. Huenda kilomita 10 hivi kwa siku, mwendo ambao mtoto anautembea kwa asubuhi moja. Niliziweka picha za siku zote pamoja nikazipitisha haraka, nikaona kitu kama doa la chai linaloenea polepole kwenye kitambaa, huku juu yake kuna miji, barabara na watu wasiojua lolote.

Jambo jingine: usiku kulikuwa na nukta nyingi kuliko mchana. Si kwamba bamba halifanyi kazi mchana. Mchana watu wana magari, treni na viwanda, na mtetemo unamezwa. Kwa hivyo mtu akikuonyesha hesabu ya mitetemo kwa saa, muulize kwanza ilikuwa saa ngapi.

Mvumo wenyewe nao una siri. Mwaka 2007 David Shelly, Gregory Beroza na Satoshi Ide walionyesha kwamba mtetemo wa chini ya Shikoku, Japani, unaweza kuelezwa kama matetemeko madogo sana yanayofuatana kwa wingi. Walichukua sampuli za matetemeko hayo madogo wakazipitisha juu ya data nzima, wakaona zinajirudia ndani ya mvumo. Yaani soko ni sauti za watu mmoja mmoja, ukiwa na sikio zuri.

Kuna na habari inayotugusa huku. Tarehe 26 Desemba 2004 ukanda wa namna hiihii uliachia karibu na Sumatra, kwa ukubwa wa 9.1. Tsunami yake ilivuka Bahari ya Hindi ikaua watu Somalia, Tanzania, na hata hapa Kenya mtu mmoja. Mawimbi ya tetemeko hilohilo yalipopita ndani ya ardhi ya Japani, mtetemo wa kule chini uliamka ukawa unapiga kwa mdundo wa mawimbi hayo yanayopita. Masatoshi Miyazawa na James Mori waliandika kuhusu jambo hilo mwaka 2006. Kwa mtikisiko uliotoka maelfu ya kilomita kuamsha kitu, lazima kitu hicho kiwe kimesimama ukingoni. Inadhaniwa kuna maji mengi yaliyobanwa kwenye miamba ya huko, yanayofanya mabamba yashikane kidogo tu.

Jibu nililomwandikia

Hapo ndipo nilipomjibu dada. Nilimwandikia hivi, kwa kifupi:

"Dada, nukta hizo haziwezi kukupa tarehe. Zinarudi kila baada ya miezi kama 14 huko kwenu, zimekuja na kuondoka mara nyingi tangu zianze kuhesabiwa, na tetemeko kubwa halijafuata. Ukihama kila zinapotokea utachoka bure. Lakini usizidharau. Kila mara bamba linapoteleza kule chini, linaongeza mzigo kidogo kwenye ile sehemu iliyokwama. Haba na haba hujaza kibaba, ila hakuna anayejua kibaba kimefika wapi."

Hata Japani, wenye vifaa vingi kuliko wote, hawatoi tarehe. Tarehe 8 Agosti 2024 palitokea tetemeko la 7.1 karibu na kisiwa cha Kyushu, na idara yao ya hali ya hewa ikatoa tangazo ambalo haikuwa imewahi kulitoa: kwamba uwezekano wa tetemeko kubwa la ukanda wa Nankai umepanda kuliko kawaida. Watu walikaa chonjo wiki nzima. Tarehe 15 tangazo liliondolewa, na tetemeko kubwa halikuja. Sioni kama walidanganya. Walisema kile walichokijua, hawakuongeza chumvi.

Kinachojulikana kuhusu Cascadia ni mahali. Mitetemo inasaidia kuonyesha ile sehemu iliyokwama inaishia wapi upande wa chini, na hiyo ni habari kubwa kwa wahandisi wa Seattle na Vancouver, kwa sababu inahusu mtikisiko mkali utafika karibu kiasi gani na miji yao. Kwa mtu wa ufukweni hesabu ni nyingine: ardhi ikitikisika kwa nguvu, dakika tatu au zaidi, mawimbi yanaweza kufika ndani ya nusu saa au chini ya hapo. Simu inaweza isilie. Mtandao unaweza kuwa umekatika. Huo mtikisiko ndio kengele yenyewe.

Kwa hivyo nilimwambia aache kuangalia nukta, aangalie ramani ya vimo vya ardhi. Nyumba iko mita ngapi juu ya bahari? Shule ya watoto je? Kutoka darasani hadi mahali pa juu ni dakika ngapi kwa mguu, mtoto akiwa na begi? Kwenye mji wa Westport, Washington, shule ya msingi ya Ocosta ilijengewa mwaka 2016 paa la kukimbilia tsunami, la kwanza la aina yake Marekani. Wazazi wa hapo waliuliza maswali hayahaya wakaridhia kulipa.

Dada alichukua kazi. Nyumba ya ufukweni aliiacha, akakodi nyingine mlimani, ghali kidogo. Yeye na watoto wameshaitembea njia ya kutoka shuleni mara mbili, saa mkononi. Dakika 11.

Ukitaka kujaribu

Huhitaji ruhusa ya mtu wala mashine ya bei mbaya. Data za sismomita za Marekani zinatolewa bure na EarthScope Consortium, na kuna maktaba ya Python iitwayo ObsPy inayojua kuzishusha, kuzisoma na kuzichuja. Anza na vituo vinne na siku moja. Chora umbo la nguvu la kila kituo, moja juu ya jingine, kwenye ukurasa mmoja, kabla hujaandika mstari wowote wa hesabu. Ukiona vilima vinavyofuatana kwenye vituo vyote vinne, tayari umeuona mtetemo kwa macho yako.

Hatua inayofuata kwangu ni zile sampuli za Shelly na wenzake, ambazo zinadai kumbukumbu kubwa kuliko niliyo nayo kwenye mashine hii. Aliye na wazo la kuzipitisha kwa mafungu bila kuijaza aniandikie hapo chini. Mpaka wakati huo, muwe salama.